Njia ya Wapagazi: Mwongozo wa Barabara ya Kale ya Misafara Kutoka Manyoni Hadi Ujiji Kupitia Tabora

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Msafiri anayeondoka Dar es Salaam alfajiri kwa gari, akapita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi, anaweza kulala Tabora usiku wa siku hiyo hiyo. Mwaka 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke, uliotoka pwani mwishoni mwa mwezi Juni, ulifika Tabora mwanzoni mwa Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne ya kutembea. Njia haikuwa imechongwa na mhandisi yeyote. Ilikuwa mkanda mwembamba wa ardhi iliyokanyagwa, uliotosha mtu mmoja nyuma ya mwingine, na uliendelea kuwepo kwa sababu miguu ya wapagazi iliupita kila mwaka.

Njia hiyo iliunganisha Bagamoyo katika mwambao wa Bahari ya Hindi na Ujiji katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, umbali unaokadiriwa kufikia kilomita 1,200. Tarehe 20 Februari 2006 Tanzania iliiwasilisha katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia chini ya UNESCO, kwa kutaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Makala hii inaeleza nusu ya magharibi ya njia hiyo, inayoweza kutembelewa kwa gari katika siku nne au tano, na inabainisha mambo ambayo msafiri anapaswa kuyatazama ili asipite juu ya historia bila kuiona.

Nani aliyeifanya njia hii

Vitabu vingi vimeieleza njia ya kati kwa majina ya wageni: Burton, Speke, Livingstone, Stanley. Wengine huieleza kwa jambo moja tu, yaani biashara ya utumwa. Utumwa ulikuwepo na hauna budi kusemwa wazi. Watu walitekwa katika nchi za ndani, wakasukumwa kuelekea pwani, na wengi hawakufika. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Pamoja na ukweli huo, sehemu kubwa ya mizigo ya njia hii ilibebwa na watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na walio wengi miongoni mwao walikuwa Wanyamwezi. Walikuwa wakienda pwani na pembe za ndovu kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaanza kuja bara kwa wingi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani takribani kilo 32, ukiongezewa mkeka, chungu, chakula na silaha zake mwenyewe. Kutoka pwani walibeba merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kutoka bara walibeba pembe. Aliyeweza kubeba pembe kubwa aliheshimiwa, na wengine walifunga kengele kwenye pembe hizo ili wasikike wanapokaribia kijiji. Mbele ya wote alikwenda kirangozi, mwenye bendera na ujuzi wa visima. Waungwana wana msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Njia hii inamtaka msafiri wa leo ajaribu kuupima uzito ule upya.

Wapagazi walikuwa pia wakulima. Safari nyingi zilianza baada ya mavuno, na mvua zilipokaribia wengi walitaka kurudi mashambani. Mfanyabiashara aliyekosea kalenda hiyo alikwama kambini bila watu. Kwa njia yao pia Kiswahili kilipenya bara. Lugha ya bandarini ikawa lugha ya kambini, na kutoka Tabora na Ujiji ikavuka ziwa hadi mashariki ya Kongo.

Hatua ya kwanza: Manyoni hadi Tabora

Kilimatinde, kusini mwa mji wa Manyoni, ipo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Msafiri akisimama hapo na kutazama mashariki anaona tambarare za Ugogo zikienea chini yake. Misafara ilizivuka tambarare hizo kwa kulipa hongo kwa watemi wa Kigogo, ambao walikuwa na mamlaka juu ya jambo lililokuwa la thamani kuliko nguo, nalo ni maji.

Baada ya Ugogo lilianza pori lililoitwa Mgunda Mkali. Wapagazi waliliogopa kwa uhaba wake wa maji na vijiji. Hapo ndipo misafara ilipolazimika kutelekeza, yaani kuondoka adhuhuri baada ya watu kunywa na kupika, kutembea hadi usiku, kulala bila maji, kisha kuamka mapema ili kufika kisimani asubuhi ya pili. Leo msafiri hulivuka pori hilo kwa barabara ya Itigi, Chaya na Nyahua. Vichaka vizito vya Itigi, ambavyo wataalamu wa mimea huvitambua kuwa vya aina ya pekee, hubadilika taratibu kuwa msitu wa miombo. Ni vyema kusimamisha gari mahali salama, kuzima injini na kutembea dakika kumi. Ukimya na joto la hapo hueleza mengi ambayo kioo cha gari huyaficha.

Tura ilikuwa kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kwa msafara uliotoka mashariki. Kufika Tura kulimaanisha chakula, maji na, kwa wapagazi wengi, lugha ya nyumbani. Kutoka hapo vituo vya kale vya Rubuga na Kigwa vilifuatana hadi Unyanyembe. Majina hayo yangali yakitumika, na msafiri atayakuta yakitamkwa na wakazi wa Wilaya ya Uyui.

Hatua ya pili: Mji wa Tabora

Maelezo ya wenyeji yanalihusisha jina la Tabora na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo vilikuwa chakula kizuri cha safari kwa kuwa havikuoza upesi. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliweka makazi yao hapa katikati ya karne ya 19, katika eneo lililojulikana kama Kaze, ndani ya utawala wa Mtemi wa Unyanyembe. Kijiografia palifaa. Njia ya kutoka pwani iligawanyika hapa: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Ziwa Victoria, Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi kuelekea Ukonongo na mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Tabora ikawa bandari ya nchi kavu.

Dalili ya kwanza ya historia hiyo ni miembe. Maembe hayakuwa tunda la asili la Unyamwezi. Yalikuja na watu wa pwani, na kokwa zake zikaota katika makazi na vituo vya misafara. Miembe mikubwa inayotia kivuli mitaa ya mji huu, na ile inayoonekana kwa safu kando ya njia za zamani, ni alama za mahali watu walipopumzika. Msafiri akiona kundi la miembe mizee porini, mbali na nyumba yoyote, aulize wenyeji. Mara nyingi patakuwa na jina la kale na kisima.

Dalili ya pili ni Boma la Wajerumani, lililojengwa baada ya utawala wa kikoloni kuuvunja upinzani wa Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike alitoza kodi na hongo kwa misafara na akakataa kumtii mgeni katika nchi yake. Mwezi Januari 1893 jeshi la Kijerumani lilipoivamia ngome yake, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa akiwa hai. Boma lipo katika matumizi ya jeshi, hivyo haliingiwi wala kupigwa picha bila kibali.

Dalili ya tatu ni reli. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa wapagazi. Kazi ya maelfu ya mabega ikahamia kwenye mabehewa katika muda wa miaka michache. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walipozuiwa kupata fedha kutoka kwao, karakana ya reli ya Tabora ilitumika kutengeneza sarafu, ikiwemo sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916 yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji. Hata katika vita hivyo, pale ambapo reli haikufika, risasi na chakula vilibebwa kwa vichwa vya Waafrika, na vifo vyao vilikuwa vingi.

Dalili ya nne ni historia ya Uhuru. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Shule ya Serikali ya Tabora kati ya mwaka 1937 na 1942, akarejea mjini hapa kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria kuanzia mwaka 1946. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora ulifikia uamuzi mgumu wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Uamuzi huo, unaojulikana hadi leo kama Uamuzi wa Busara, uliiwezesha TANU kushinda katika sanduku la kura na kuifikisha Tanganyika kwenye Uhuru mwaka 1961.

Hatua ya tatu: Kwihara na Itetemia

Kilomita chache kusini-magharibi mwa mji ipo Kwihara, na ndani yake Tembe la Livingstone. Ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, ua wa ndani na mlango wa kuchongwa kwa mtindo wa pwani. Jengo limekarabatiwa na linatumika kama makumbusho. Henry Morton Stanley alikaa hapa mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta David Livingstone, na mwaka 1872 wote wawili walirudi wakitokea Ujiji. Stanley aliendelea pwani. Livingstone alibaki akisubiri watu na vifaa hadi Agosti 1872, alipoondoka kwa safari yake ya mwisho.

Wageni wengi huishia hapo katika kuisikia habari ya Kwihara. Sehemu iliyobaki ndiyo yenye uzito zaidi. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Wasaidizi wake Waafrika, wakiongozwa na Abdulla Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba. Mwezi Oktoba mwaka huo walifika tena Unyanyembe, mahali walipoondokea pamoja naye mwaka mmoja na miezi michache kabla. Hapo walimkuta Verney Lovett Cameron, kiongozi wa msafara uliotumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Waliubeba mwili hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwezi Aprili ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey.

Watu hao hawakuwa na amri ya mtu yeyote aliye hai. Walijadiliana, wakaamua na wakatekeleza, wakitumia ujuzi wa njia, hongo na kambi ambao ulikuwa mali ya wapagazi. Msafiri anayesimama katika ua wa Kwihara anafaa kulikumbuka baraza hilo lililosema hapana.

Itetemia, pembeni mwa mji, ni makao ya kale ya watemi wa Unyanyembe. Katika Kinyamwezi makao ya mtemi huitwa kwikulu, neno ambalo msomaji atalitambua katika jina la Ikulu. Kutoka katika ukoo huo alitokea Chifu Abdallah Said Fundikira, aliyekuwa Waziri wa Sheria katika Serikali ya kwanza ya Tanganyika huru.

Hatua ya nne: Urambo, Uvinza na Ujiji

Barabara ya magharibi inakwenda Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo. Kutoka ngome yake ya Iselamagazi, Mirambo aliunganisha himaya kadhaa ndogo katika miaka ya 1860 na 1870, akiwa na askari walioitwa rugaruga. Mwaka 1871 vita kati yake na wafanyabiashara wa Unyanyembe vilifunga njia ya Ujiji, na ndiyo sababu Stanley alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo. Kwa miaka kadhaa bei ya pembe na usalama wa misafara vilitegemea uamuzi wa mtawala huyu mmoja, hadi alipofariki Desemba 1884. Urambo pia ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya mradi wa karanga wa Serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mradi huo ulishindwa kwa sababu waliouanzisha hawakuzingatia udongo na mvua ambavyo mkulima wa Kinyamwezi alivijua.

Kupita Kaliua, barabara inaelekea bonde la Mto Malagarasi. Zamani misafara ilivushwa kwa mitumbwi na wenye mitumbwi walidai ushuru. Leo kuna Daraja la Kikwete. Uvinza, ng'ambo ya bonde, ina chemchemi za chumvi ambazo watu wamezitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja, muda mrefu kabla ya misafara ya pembe. Chumvi hiyo ilivuta wanunuzi kutoka pande zote za Ziwa Tanganyika.

Safari inaishia Ujiji, ambayo sasa ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Hapo pana kumbukumbu ya mkutano wa Stanley na Livingstone wa mwaka 1871, na miembe inayoelezwa kuwa ilitokana na ule wa kale uliowatia kivuli. Burton na Speke walilifikia ziwa hapa Februari 1858. Ni mahali pa kukaa hadi jua litue juu ya milima ya Kongo.

Kwa mwenye siku za ziada, yapo matawi mawili. Tawi la kaskazini kupitia Nzega linafuata mwelekeo wa Speke, aliyetoka Tabora mwaka 1858 na kufika katika mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria. Tawi la kusini linapita Sikonge kuelekea Mpanda, katikati ya miombo inayotoa asali maarufu ya Tabora, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iliyoanzishwa mwaka 2019. Kutoka Mpanda msafiri anaweza kufika Karema, ambapo Wabelgiji waliweka kituo mwaka 1879.

Maelekezo kwa wasafiri

Msimu mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na njia za vumbi zinazoelekea vijiji vya kale huwa na utelezi. Kabla ya kuondoka ni muhimu kuuliza hali ya barabara katika ofisi za Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), hasa kwa sehemu za magharibi ya Kaliua. Mafuta yajazwe Itigi, Tabora na Urambo pasipo kusubiri tanki liishe. Msituni mbung'o huvutwa na gari linalotembea, hivyo vioo vifungwe. Asiyependa kuendesha anaweza kutumia treni ya Reli ya Kati hadi Tabora au Kigoma, kisha akakodi gari kwa safari fupi.

Anayetembelea makao ya watemi aanze kwa viongozi wa kijiji, asalimie na aeleze nia yake kabla ya kutoa kamera. Kumlipa mwongozaji wa hapo hapo, kununua asali kwa mrinaji na kula matobolwa sokoni ndiyo njia fupi ya kuhakikisha kijiji kinaona faida ya kuitunza historia yake.

Wajibu wa kulinda

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na mabaki yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inatoa mamlaka ya kutangaza maeneo mengine kuwa urithi. Hata hivyo, alama nyingi za njia ya wapagazi si majengo makubwa. Ni mwembe unaoweza kukatwa kwa ajili ya mkaa katika asubuhi moja, ukuta wa tembe unaoyeyuka mvua ikikosa paa, shanga iliyookotwa shambani na kutiwa mfukoni, na jina la kituo linalokumbukwa na wazee wachache. Sheria haiwezi kuweka mlinzi katika kila mti.

Wananchi wanahimizwa kutokata miembe ya njia ya kale, kutochukua wala kuuza vitu vya kale vinavyopatikana ardhini, na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji au ofisi ya utamaduni ya halmashauri pale wanapovikuta. Shule zilizopo kando ya njia zinaweza kufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo: wanafunzi wakaandika majina ya vituo, visima na miembe kutoka kwa babu na bibi zao, na kuyahifadhi shuleni.

Wapagazi hawakuacha sanamu wala majina yao kwenye mawe. Waliacha njia, ambayo reli iliifuata na barabara ya lami ikaja baadaye. Kila anayesafiri kutoka Manyoni hadi Ujiji anatumia kazi yao. Kusimama chini ya mwembe wao na kuuacha ukiwa umesimama ni sehemu ndogo ya malipo.